Misali kwa siku moja: uzi kwa Wazanzibari wenzangu ambao hawajawahi kufika

#1 Mtoto wa Chake (mwanzisha uzi)

Assalaamu alaykum wanajukwaa.

Kila mtu akiuliza hapa wapi pa kutembea Pemba, majibu ni yale yale: Ngezi, Vumawimbi, magofu ya Pujini, basi. Misali ikitajwa hutajwa kama mahali pa wazungu wa kuzamia. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimezaliwa Chake, nimekula samaki wa Misali tangu sina meno, baba yangu amekwenda dago huko, yaani kambi ya wavuvi, miaka na miaka, lakini mguu wangu ulikuwa haujakanyaga. Mwaka huu nimekwenda, na nimekwenda naye. Naandika kirefu kidogo, mnisamehe, maana naona tunajinyima kitu ambacho ni chetu.

Kwa wasiojua: Misali ni kisiwa kidogo, hekta 90 hivi, upande wa magharibi ya Pemba, sawa na Chake kabisa ukinyoosha mkono kuelekea machweo. Hakuna kijiji. Hakuna maji ya kunywa. Wanaolala huko ni walinzi wa hifadhi na wavuvi wa dago. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998, na tangu 2005 kimo ndani ya hifadhi kubwa ya mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Pemba na bara, ile inayoitwa PECCA.

Safari yetu ilianza vibaya. Kijana mmoja alichukua arubuni ya boti, siku ya siku simu haipokelewi, na baba ameshavaa kanzu na kofia amekaa barazani tangu alfajiri. Niliumia zaidi kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya pesa. Kwa hiyo neno langu la mwanzo: nendeni wenyewe Wesha, bandari ya karibu na Chake, mzungumze na nahodha uso kwa uso, muione boti, muulize jaketi okozi ziko ngapi, na mkubaliane kabisa kama kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei au ni mbali. Vitambulisho vyenu mchukue.

Mara ya pili baba ndiye aliyechagua siku. Mimi nilitaka Jumapili kwa sababu sendi kazini. Yeye akaniuliza, "Jumapili mwezi wa ngapi?" Nikamwambia tarehe. Akasema, "Sikuulizi tarehe, nakuuliza mwezi." Akahesabu kwa vidole, akasema twende mwezi tisa, yaani siku ya tisa tangu mwezi kuandama, maji mafu.

Hili nalieleza vizuri kwa sababu hakuna tangazo la utalii linalokwambia. Bamvu, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yetu hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi. Ukifika kisiwani saa nne ya bamvu unakuta maji yamekimbia, boti inasimama mbali, unatembea juu ya mawe makali na majani ya bahari, na bila kujua unakanyaga matumbawe machanga. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne asubuhi maji yamejaa, hayavuti sana, boti inasogea karibu na mchanga. Kwa mzee wa miaka sabini na kitu mwenye magoti mabovu hiyo ndiyo tofauti ya kushuka na kutoshuka. Hata kwa kuogelea na miwani ni bora, maana mkondo hauna nguvu.

Tukaondoka Wesha saa moja na nusu. Baba alikaa mbele, hakukubali kukaa chini ya turubai. Mkono wa kulia unafuatana na rasi ndefu ya Ras Mkumbuu, na pale ncha inapoisha ndipo bahari inapofunguka na boti inaanza kunyanyuka. Watoto wangu wawili wakanyamaza. Baba akawaambia shikeni ubao, tizameni mbele, msitizame maji. Kichefuchefu kikaondoka.

Tulishukia Mbuyuni. Mbuyu wenyewe upo, mkubwa, na chini yake kivuli. Mchanga mweupe, laini, hauna taka nyingi kama nilivyoogopa. Mlinzi alitupokea vizuri sana, akatueleza mipaka: wapi panaruhusiwa kuogelea, upande gani hakuvuliwi kabisa, na kwamba hakichukuliwi kitu, si kombe, si jiwe, si tawi. Binti yangu alikuwa ameshajaza mfuko simbi. Akazirudisha moja moja, kwa machozi, na mlinzi akamsubiri mpaka akamaliza. Nampa heshima yake mlinzi yule.

Kisha njia za msituni. Sikutarajia msitu. Kisiwa chote kimekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, miti imejishikiza kwenye mawe kama vidole, na kuna njia inakwenda mikokoni upande ambao bahari inaingia polepole. Mlinzi alituonesha mashimo ya kaa wakubwa wanaopanda miti, wale wanaovunja nazi. Mchana hawatoki. Mkubwa wao hufika kilo nne, akasema, na baba akaitikia kwa kichwa, kwamba enzi zao usiku walikuwa wakiwasikia wakiburura sufuria za dago.

Njia hiyo hiyo inakufikisha mapangoni. Hapa naomba tuelewane. Mapango ya Misali watu huyaheshimu, wako wanaokwenda kuomba dua, wako wanaoamini yana wenyewe. Baba alivua viatu, akasimama mlangoni, akasoma Fatiha, hakuingia. Mimi nilikuwa nimeshatoa simu kupiga picha nikairudisha mfukoni. Wakubwa wanahadithia kwamba Nabii Khidhri alifika hapa kwa wavuvi, wakati wa sala ukaingia, akaomba msala, akaambiwa hakuna. Akasema basi kisiwa hiki ndicho kitakuwa msala wake, ndipo jina Misali lilipotoka. Baba akanionesha jua liko wapi na kisiwa kimelala vipi, na kweli, ukiwa Pemba Kibla ni kaskazini moja kwa moja, huhitaji kupinda. Nimeisikia hadithi hii mara mia nyumbani. Kuisikia umesimama juu ya huo msala wenyewe ni kitu kingine.

Mchana tukala chini ya mbuyu: boflo, pweza wa nazi, embe, chai ya rangi kwenye chupa. Tukasali adhuhuri jamaa, sisi na mabaharia na wavuvi watatu waliokuja kutoka dago. Mmoja wao, mzee mwenye ndevu nyeupe, alimtizama baba kwa muda mrefu kisha akamwita kwa jina lake la utani la ujana. Hawakuwa wameonana tangu baba alipoacha uvuvi. Sikuwaingilia. Walikaa mpaka karibu alasiri wakihesabu nani yuhai na nani ametangulia.

Bahari yenyewe sitaweza kuieleza. Nilivaa miwani na mpira wa kupumulia, nikajaribu hatua chache tu kutoka ufukweni: matumbawe kama koliflawa, kama pembe za paa, pono wanakwangua mawe na unasikia sauti yao, krr krr, kwa masikio yako. Ukisogea mbele, jiwe linakatika. Chini hakuna chini. Ni buluu inayokuwa nyeusi. Mkondo wa Pemba ndio huo, hufika karibu mita 800 kwenda chini, na ndio maana Pemba ni kisiwa kilichojitenga na bara muda mrefu mno kuliko Unguja. Nilirudi ufukweni haraka na moyo unanidunda, na nilipomwambia baba alisema wao ukingo ule waliuita tu "kina", na waliujua ulipo kwa kushika alama mbili za nchi kavu, mti huu uingie nyuma ya kilima kile. Hajawahi kuuona kwa ndani. Miaka yote ameshusha mshipi pale, hakuwahi kuona unakokwenda.

Nikamuomba avae miwani. Akakataa. Nikamuomba tena. Akaingia maji ya kiunoni, kanzu ameikunja, nikamshika mkono, akainamisha uso. Alikaa hivyo muda mrefu, anainuka kupumua, anarudi. Alipotoka aliniambia, "Kumbe ndiyo nyumba zao."

Nitaendelea na maswali yenu.

#2 Dada wa Wete

Mashallah, nimelia hapo mwisho. Allah amuweke baba.

Swali: sisi wanawake tunaogeleaje huko? Na choo je? Nina mtoto wa miaka mitatu.

#3 Mtoto wa Chake

Ahsante dada. Mke wangu aliogelea na dera na suruali ndani, hakuna aliyemtizama. Ufukwe ni mrefu, mkisogea kidogo mnapata upande wenu. Choo kipo Mbuyuni kwenye majengo ya hifadhi, cha kawaida. Lakini maji ya kunywa na ya kutawadha mchukue yenu, madumu, msibane. Sisi tulichukua lita ishirini yakaisha. Mtoto wa miaka mitatu anakwenda, ila asitoke kivulini saa sita mpaka saa tisa, na mmvalishe jaketi tangu Wesha, si mpaka bahari ichafuke.

#4 Mzamiaji wa Unguja

Uzi mzuri. Mimi nimefanya kazi ya kuzamia, nimepeleka watu Misali na sehemu nyingine. Naongeza mambo mawili.

La kwanza, upepo. Kusi likikaza, Juni mpaka Agosti, bahari ya wazi baada ya Ras Mkumbuu haimfai mzee wala mtoto hata siku ikionekana nzuri asubuhi. Masika nayo maji huchafuka na mvua. Utulivu mzuri ni Oktoba na Novemba kusi likishakufa, na tena kati ya kaskazi na masika. Maji yanakuwa kioo.

La pili, matumbawe. Mnaopenda picha, msisimame juu yake. Joto la El Niño ya 1998 liliunguza matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, na tumbawe la aina nyingi hukua sentimita chache tu kwa mwaka, mengine hata sentimita moja halifiki. Mguu mmoja wenye kiatu unavunja kazi ya miaka ambayo wewe ulikuwa bado uko skuli. Ukichoka, lala chali, uelee. Jaketi litakubeba.

#5 Mvuvi wa magharibi

Mnaandika vizuri lakini mmewasahau wenyewe. Mimi ni mvuvi, baba yangu mvuvi. Upande wa magharibi wa Misali tulikuwa tukivua, leo hatuvui. Mgeni anapita na boti yake pale anapiga picha, mimi nikipita na mshipi nakamatwa. Tena wageni wanakuja mpaka dago letu wanapiga picha ng'onda zetu na nguo zetu zimeanikwa, hata salamu hakuna. Nyinyi mnasema "chetu". Chetu cha nani?

#6 Mtoto wa Chake

Kaka, nimekusoma na nimemsomea baba. Sina jibu la kukufariji bure.

La dago uko sawa asilimia mia. Mtu kulala kwenye turubai wiki mbili akitafuta riziki si maonyesho. Anayekwenda Misali apige hodi kwenye dago kama anavyopiga hodi nyumbani kwa mtu, asalimie, na kama hakukaribishwa apite mbali. Na picha aombe. Hili nilipaswa kuliandika tangu juu.

La upande uliofungwa, baba amesema hivi: yeye aliona uvuvi wa baruti. Anasema baruti moja samaki wote wanakufa, wakubwa na wadogo na mayai, unaokota robo, robo tatu inazama, na jiwe lile huwezi kulivua tena kwa miaka. Baadhi ya waliopiga walikuwa watu anaowajua. Anakumbuka pia hifadhi ilipoanza watu walikuwa wagumu, mpaka masheikh walipoingia kusema kwa lugha ya dini, kwamba Surat Rum inataja ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa yale iliyochuma mikono ya watu. Wengi wakalainika hapo kuliko walivyolainika kwa karatasi za serikali. Kwa hiyo kufungwa upande mmoja samaki wazaliane yeye anakubali. Asichokubali ni mvuvi kutojua kiingilio tunacholipa kinakwenda wapi. Hapo yuko pamoja na wewe, na mimi niko pamoja na nyinyi wote wawili. Anayeomba uvumilivu wa mvuvi amuoneshe hesabu.

#7 Mvuvi wa magharibi

Msalimie mzee. Maneno ya kiutu uzima. Hilo la hesabu ndilo letu.

Na mwambieni huyo wa kuzamia aongeze: boti za wageni zitie nanga mchangani au zifunge kwenye maboya, wasitupe nanga juu ya jiwe. Nanga ni baruti ya polepole.

#8 Mwalimu wa Mkoani

Nimepeleka wanafunzi wangu mwaka jana. Wazazi wengi walikuwa hawataki, bahari inaogopwa. Watoto wa kisiwa, nusu ya darasa hawajui kuogelea. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Somo tulilofanya ni la kasa. Misali wanataga aina mbili, kasa wenyewe (wale wa kijani) na ng'amba. Jike hupanda usiku, huchimba kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai mia na zaidi kwa aina hizi, hufukia na kurudi majini bila kuwaona wanawe. Baada ya miezi miwili hivi wanaanguliwa. Joto la mchanga ndilo huamua: mchanga wa moto zaidi hutoa majike, wa baridi zaidi hutoa madume. Wakitoka usiku hufuata mwanga wa bahari, kwa hiyo tochi moja ya ufukweni inaweza kuwapoteza wakaelekea msituni. Na jike aliyenusurika hurudi kutaga pande zile zile alikozaliwa, baada ya miaka ishirini, thelathini na hata zaidi. Mtoto mmoja wa darasa la sita akafanya hesabu, akasema, "Mwalimu, aliyezaliwa leo atarudi mimi nina watoto." Darasa likanyamaza.

Kwa hiyo mnaokwenda: ufukwe wa kutagia kasa msiwashe moto, msichimbe mchanga, na mkiuona ufito wa alama msiung'oe.

#9 Mpenda magofu

Kama mtakuwa na nahodha mwenye subira, wakati wa kurudi ombeni awasogeze Ras Mkumbuu. Kuna magofu ya msikiti mkubwa wa mawe na makaburi ya nguzo, ya karne ya 14 hivi, yamo kwenye minazi na mikarafuu karibu kabisa na maji. Wako wanahistoria wanaoihusisha rasi hiyo na Qanbalu, mji aliouandika msafiri al-Masudi karne ya 10. Pametulia mno. Ila hapo maji lazima yawe yamejaa, la sivyo mtatembea topeni. Mwenye uzi mlipita?

#10 Mtoto wa Chake

Hatukuwahi. Baba na rafiki yake walichelewesha watu na sikuwa na moyo wa kuwaharakisha. Na maji mafu jioni ndiyo yanakupwa, kwa hiyo Ras Mkumbuu tungeishia topeni kama unavyosema. Wanaotaka zote mbili waanze na magofu asubuhi maji yakiwa juu, kisha Misali.

#11 Dada wa Wete

Wenye wageni wa siku mbili wawapeleke na Kidike, popo wetu wakubwa. Mabawa yake yakifunguka yanapita mita moja na nusu, na dunia nzima wako Pemba tu. Zamani walikuwa wameliwa mpaka wakaribie kwisha, na ni watu wa vijiji wenyewe walioamua kuwalinda. Nendeni jioni, karibu na magharibi, wanapoanza kuondoka mitini. Watoto wangu hawaachi kuhadithia.

Mwenye uzi, na ile hazina ya Kapteni Kidd inayosemwa?

#12 Mtoto wa Chake

Hadithi tu hiyo dada, haramia alinyongwa London mwaka 1701 na kila kisiwa cha bahari hii kinadai kimefichiwa dhahabu yake. Ombi langu ni mtu asiende na jembe kwenye mapango ya watu.

Narudi kwenye bei maana wengi mmeniandikia faragha. Boti unaikodi nzima, si kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili ni ghali na mkiwa kumi ni sawa na kwenda harusini Mkoani na kurudi. Kusanyaneni. Mtaa mmoja, au familia mbili, au darasa. Ndiyo maana naandika hapa, sijaona sababu ya kwenda peke yetu.

Sisi tunarudi, inshallah, kusi likishalala. Rafiki yake baba atatusubiri dago, ameagiza tumbaku na betri za redio, na yule mlinzi ameagiza madumu ya maji. Nafasi za boti zimebaki nne. Mwalimu wa Mkoani, kama wanafunzi wako wawili watatu wanataka, mimi nitawafundisha kuelea, maji ya kiunoni, chini ya mbuyu. Baba ameshaanza kuniuliza mwezi tisa unaangukia siku gani.